Ajira yenye usaidizi Marekani: ipi imfae ndugu yako mwenye ulemavu mkubwa

Mzazi au mlezi anayempeleka kijana wake kwenye ofisi ya VR, idara ya jimbo inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, huweza kutajiwa njia nne au tano katika kikao kimoja na kuambiwa achague. Haki ya kuchagua imo katika sheria. Shida ni kwamba njia hizo zinasikika kama kitu kimoja: zote huitwa huduma za ajira, na karibu zote zina mtu wa kumsaidia kijana kazini. Tofauti zake ni kubwa, na huonekana zaidi baada ya miezi mitatu kuliko siku ya kwanza.

Ulinganisho huu ni kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizoko Marekani, nyingi zikiwa zimepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, ambazo zina mtu mwenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo au ugonjwa mkubwa wa afya ya akili. Kwa kila njia uliza mambo matatu: cheki ya mshahara inaandikwa na nani, mshahara unapimwaje, na nani atalipia usaidizi VR ikishafunga faili. Hilo la tatu huulizwa mara chache, na ndilo linaloamua kama kazi itadumu.

| Njia | Anayelipa mshahara | Kiwango | Usaidizi hudumu | Humfaa zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Ajira yenye usaidizi, mtu mmoja mmoja | Kampuni | Sawa na wenzake | VR hadi miezi 24, kisha mlipaji mwingine | Anayeweza kujifunza kazi iliyopo |
| Kazi ya kuundiwa | Kampuni | Sawa na wenzake | Vilevile | Asiyeweza kubeba kazi nzima kama ilivyotangazwa |
| IPS (ajira pamoja na tiba ya afya ya akili) | Kampuni | Sawa na wenzake | Maadamu anauhitaji | Mwenye ugonjwa mkubwa wa afya ya akili |
| Project SEARCH | Hakuna, ni mafunzo | – | Karibu mwaka mmoja wa shule | Mwanafunzi anayemaliza sekondari |
| Kikundi | Mara nyingi shirika la huduma | Hutofautiana | Muda wote wa kazi | Anayehitaji daraja la muda |
| Karakana maalumu | Shirika la huduma | Huweza kuwa chini ya kima cha chini | Muda wote | Tazama maelezo chini |

## Ajira yenye usaidizi, mtu mmoja mmoja

Kwa watu wengi tunaiweka hii mbele. Kijana anaajiriwa na kampuni ya kawaida, analipwa kama wenzake wa kazi hiyohiyo, na anafanya kazi katikati ya watu wasio na ulemavu. Kocha wa kazi hutoka shirika la huduma, na analipwa na VR, si na mwajiri.

Hatua zake zina muda wa kisheria. Ombi likipokewa, VR ina siku 60 za kuamua kama mtu anastahili. Anayepokea SSI (msaada wa serikali kwa mwenye kipato na akiba ndogo) au SSDI (malipo kwa aliyewahi kufanya kazi na kuchangia) kwa sababu ya ulemavu huchukuliwa kuwa anastahili, kwa hiyo barua ya Social Security, ofisi ya shirikisho inayolipa mafao hayo, inayothibitisha malipo iende naye kikao cha kwanza. Baada ya uamuzi zipo siku 90 za kuandika mpango binafsi wa ajira, IPE. Majimbo yenye uhaba wa fedha huweka foleni, na wenye ulemavu mkubwa kabisa hutangulizwa. Hakikisha uamuzi wa maandishi umemweka kijana katika daraja hilo, maana ndilo linalofungua pia mlango wa ajira yenye usaidizi.

Kocha anayeijua kazi yake huivunja kazi vipande. Kukunja taulo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kunaweza kuandikwa hatua kumi au kumi na mbili: kutoa taulo kikapuni, kuikung'uta, kutafuta lebo, kulinganisha pembe, na kuendelea hadi kuipanga rafuni. Mbele ya kila hatua anaandika msaada uliohitajika: kijana alifanya mwenyewe, aliambiwa, alionyeshwa kwa kidole, aliigizwa, au alishikwa mkono. Wiki hadi wiki msaada hushushwa ngazi moja. Omba uione karatasi hiyo. Kocha asiyekuwa nayo anakisia tu, na hawezi kukueleza kwa nini kijana amekwama hatua ya saba badala ya "kushindwa kukunja taulo".

Makosa ya makocha ni ya aina mbili, na yanakinzana. Wapo wanaoondoka mapema mno, mara tu shirika linapolipwa kwa kufikisha siku 90. Wapo pia wasioondoka kabisa; wanamaliza kazi wenyewe ili bosi afurahi, na siku wakiugua inagundulika kijana hajajifunza kitu. Dalili ya hili la pili ni rahisi kuiona: msimamizi akiwa na neno, anamwambia kocha badala ya kumwambia mfanyakazi. Ukiliona, taka kikao ndani ya wiki hiyohiyo na mtaje mfanyakazi mwenzake mmoja atakayekuwa wa kuulizwa maswali ya kila siku.

Sasa tufike kwenye makabidhiano, mahali ambapo kazi nyingi nzuri huvunjikia. VR hulipia usaidizi hadi miezi 24 (kabla ya sheria ya 2014 ilikuwa 18), na muda huo unaweza kuongezwa mshauri na mteja wakikubaliana katika IPE. Lakini kijana akitulia kazini na kupita angalau siku 90, faili hufungwa, na usaidizi wa muda mrefu unakuwa wa mlipaji mwingine. Mara nyingi mlipaji huyo ni mpango wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wa huduma za nyumbani na katika jamii, ule ambao ofisini huitwa waiver. Kwingine ni kaunti au idara ya jimbo ya ulemavu. Katika baadhi ya majimbo foleni ya waiver hudumu miaka. Jiandikisheni mapema iwezekanavyo, hata mtoto akiwa bado darasani. Kwa kijana aliye chini ya miaka 25, VR yenyewe inaruhusiwa kulipia usaidizi huu wa baadaye kwa hadi miaka minne. Washauri wengi hawalitaji hili mpaka waulizwe. IPE inatakiwa kumtaja mlipaji wa baadaye, au, kama hajapatikana, kueleza kwa nini kuna matarajio ya kumpata. Ukiona sehemu hiyo iko wazi au imeandikwa maneno matupu, usisaini siku hiyo.

## Kazi ya kuundiwa

Hapa hakuna tangazo la kazi linalotafutwa. Anaanzwa mtu: anafanya nini nyumbani, anatulia wapi, saa ngapi za siku ana nguvu, nini kinamchafua. Anayefanya uchunguzi huu huja nyumbani, hufuatana na kijana dukani, kanisani au msikitini, huzungumza na jirani, na kazi hiyo huchukua makumi ya saa kwa wiki kadhaa. Ndipo humwendea mwajiri na kumpendekezea kazi ambayo haikuwepo. Kliniki, kwa mfano, ina wauguzi wanaopoteza dakika ishirini kila asubuhi kujaza glovu na karatasi za vitanda vyumbani, na mapokezi ana rundo la faili za kuskani. Vipande hivyo vikikusanywa vinakuwa kazi ya saa tatu kwa siku, wauguzi wanarudi kwa wagonjwa, na mwajiri analipa mshahara kamili kwa saa kwa sababu anapata faida.

Kwa familia zilizotoka kambini njia hii ina ubora ambao haumo kwenye vijitabu. Baadhi ya njia nyingine huanza na vipimo, na kipimo cha akili kilichotungwa kwa Kiingereza, kikampima kijana ambaye hakukaa darasani miaka sita, humtoa chini kuliko alivyo. Kijana huyohuyo nyumbani anapika ugali wa watu wanane, anajua kila kiungo kilipo, na hajawahi kuunguza sufuria. Uchunguzi wa nyumbani huliona hilo.

Udhaifu wake ni kwamba ni polepole, na si kila shirika linalotaja jina hili limefunzwa. Uliza uchunguzi utachukua saa ngapi na utafanyikia wapi. Ukijibiwa kwamba kuna fomu ya kurasa mbili ya kujaza ofisini, hapo hakuna kazi ya kuundiwa. Kuna ajira yenye usaidizi ya kawaida iliyobadilishwa jina, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujasubiri miezi sita.

## IPS

IPS (Individual Placement and Support) ni ya watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa hisia mbili, msongo mkubwa baada ya vita na mfano wa hayo. Ilianzia New Hampshire mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi ya Robert Drake na Deborah Becker, nayo ni miongoni mwa njia za ajira zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi. Mtaalamu wa ajira hukaa timu moja na daktari na mshauri wa afya ya akili, hahudumii zaidi ya watu 20 kwa wakati mmoja, na yeye au mteja anatakiwa awe amekutana ana kwa ana na mwajiri ndani ya siku 30 hivi tangu mteja aanze. Hakuna kozi ya kumwandaa kwanza, na hakuna kumkataa kwa kuwa bado anasikia sauti au anakunywa pombe. Akitaka kazi, anatafutiwa kazi.

Programu hupimwa kwa kipimo cha vipengele 25 chenye alama 125. Kuanzia 100 ni nzuri, chini ya 74 haihesabiwi kuwa IPS. Waulize alama yao ya mwisho na mwaka walioipata. Anayekuambia ndugu yako "atulie kwanza mwaka mmoja" anafanya kitu kingine, hata kama bango mlangoni limeandikwa IPS.

## Project SEARCH, na suala la diploma

Project SEARCH, programu ya mafunzo ya kazi kwa wanafunzi, ilianza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati. Mwanafunzi anatumia mwaka wake wa mwisho wa shule ndani ya hospitali, benki au ofisi ya serikali badala ya darasani, na anapita idara tatu, kila moja karibu wiki kumi. Kundi ni dogo, mwalimu na makocha wako palepale. Hawalipwi mshahara mwaka huo, na hakuna ahadi ya kuajiriwa na mwenyeji. Faida ni mazoea: kufika kwa wakati, kuvaa kitambulisho, kula chakula cha mchana na watu wazima, kuomba msaada bila kulia.

Kosa la kuogopwa hapa hutokea kabla ya programu kuanza. Huduma za elimu maalumu zinaweza kuendelea katika majimbo mengi hadi miaka 21 au 22, lakini mwanafunzi akishapokea diploma ya kawaida haki hiyo inaisha. Familia hufurahia joho na picha, zinasaini, kisha zinaambiwa nafasi ya Project SEARCH ilikuwa ya wanafunzi tu. Mwambieni mwalimu anayesimamia IEP, mpango wa elimu maalumu wa mtoto, mapema, mtoto akiwa na miaka 16 au kabla, kwamba mnataka diploma icheleweshwe, na liandikwe. Kuhudhuria sherehe na kupokea diploma ni mambo mawili. Shule nyingi zitamruhusu avae joho bila kufunga mlango.

Programu ikiisha bila kazi, VR ndiyo inayoendelea kutafuta. Kwa hiyo faili la VR liwe limefunguliwa kabla ya mwaka huo kuanza.

## Kikundi na karakana maalumu

Katika kikundi, watu wawili hadi wanane wenye ulemavu hufanya kazi pamoja chini ya msimamizi wa shirika: kusafisha ofisi usiku, kutunza bustani, kufungasha bidhaa kona moja ya ghala. Medicaid huweza kulipia huduma hii, lakini VR kwa kawaida haiwezi kuihesabu kuwa mafanikio ya ajira, kwa sababu watu wametengwa na wenzao wasio na ulemavu. Tunaikubali kama daraja, yenye tarehe ya kuvuka iliyoandikwa. Bila tarehe, mtu hukaa kikundini miaka kumi akisafisha vyoo vilevile.

Karakana maalumu ni mahali ambapo wote wana ulemavu, na mwenye karakana anaweza kuwa na kibali cha kifungu 14(c) cha sheria ya kazi ya 1938, kinachomruhusu kulipa chini ya kima cha chini. Hesabu yake inakwenda hivi. Mfanyakazi asiye na ulemavu anafunga maboksi 60 kwa saa, na mshahara wa kazi hiyo eneo lile ni dola 15. Ndugu yako anafunga 20. Amepimwa theluthi moja, basi analipwa dola 5 kwa saa, wakati kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25. Tangu Julai 2016 kijana wa miaka 24 au chini hawezi kulipwa hivyo kabla hajapewa huduma za VR na ushauri wa kazi, na wenye umri mkubwa zaidi lazima wapewe ushauri huo kila miezi sita mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Vermont ilifunga karakana yake ya mwisho mwaka 2002, na New Hampshire ilipiga marufuku mishahara hiyo mwaka 2015. Majimbo mengine yamefuata, lakini si yote.

Familia zinazopendelea karakana zina sababu za maana, nazo zisidharauliwe. Gari linafika mlangoni saa mbili asubuhi, linamrudisha alasiri, na mama anaweza kwenda zamu yake akijua mwanawe yuko salama. Ajira ya saa 15 kwa wiki haijazi siku tano. Lakini pengo la saa linaweza kuzibwa bila kumlipa mtu dola 5: omba waiver ilipie huduma za mchana katika jamii kwa saa ambazo hayuko kazini, na zote mbili ziandikwe kwenye mpango mmoja. Kwa maoni yetu kumlipa mtu sehemu ya mshahara kwa jasho kamili ni jambo la kukataliwa, na karakana iwe chaguo pale tu njia za juu zimejaribiwa kweli, kwa maandishi, zikashindikana.

## SSI na mshahara: hesabu ya kufanya kabla ya kukataa kazi

Hofu ya kupoteza SSI na Medicaid huwafanya wengi waikimbie kazi ya kampuni. SSI haikatwi yote. Kwa mwaka 2026 kiwango kamili cha shirikisho kwa mtu mmoja ni dola 994 kwa mwezi. Akipata mshahara wa dola 885 kabla ya makato, ondoa 20, ondoa 65, zinabaki 800. Nusu yake, 400, ndiyo inayopunguza SSI. Atapokea SSI 594, na jumla mkononi ni 1,479 kabla ya kodi. Kama analipa mwenyewe dola 100 za usafiri maalumu wa kazini kwa sababu ya ulemavu, zikikubaliwa hutolewa kabla ya kugawa kwa mbili, na SSI inapanda hadi 644. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 22 ana msamaha mkubwa zaidi. Hata mshahara ukimaliza SSI yote, kifungu 1619(b) humwachia Medicaid hadi kikomo ambacho kila jimbo lina chake.

SSDI ni habari nyingine. Huko kuna miezi tisa ya majaribio, kisha kikomo: mwaka 2026 ni dola 1,690 kwa mwezi kwa asiye kipofu. Akikivuka mfululizo, malipo ya mwezi husimama yote. Usichanganye hizo mbili. Waulize Social Security ni ipi anayopokea, maana wengine wana zote.

Balaa kubwa ni kutoripoti. Hati za mshahara zipelekwe Social Security kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, kila mwezi, na nakala zibaki nyumbani. Asiyeripoti huandikiwa deni la maelfu baada ya mwaka. Akiba ya anayepokea SSI nayo isipite dola 2,000, isipokuwa ikiwekwa kwenye akaunti ya ABLE, akaunti maalumu ya akiba ya watu wenye ulemavu, ambayo tangu Januari 2026 iko wazi kwa waliopata ulemavu kabla ya miaka 46. Kwa mkimbizi kuna jambo la ziada: SSI yake kwa hadhi hiyo ni ya miaka saba tu kama hajawa raia. Asiyeweza kufanya mtihani wa uraia kwa sababu ya ulemavu ana fomu N-648, inayojazwa na daktari. Ianzeni mwaka wa tano, si wa saba. Washauri wa mafao wa mpango wa WIPA hufanya hesabu hizi bure.

## Mkalimani na basi

VR na mashirika yanayopokea fedha za shirikisho hupaswa kuleta mkalimani bila malipo. Asitumiwe dada mdogo wa miaka kumi na minne; atafupisha, na ataona haya kutafsiri maswali ya choo na hedhi, ambayo kocha anahitaji kuyajua. Taja Kiswahili cha wapi. Mzee wa Fizi au Uvira na mkalimani wa Mombasa huweza kupotezana katika maneno ya ugonjwa na sheria, na kama lugha yake ya ndani ni Kibembe au Kinyamulenge, omba hiyo.

Usafiri uangaliwe kabla ya kukubali kazi. Mabasi ya kuagiza chini ya ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu, yanalazimika kufika umbali wa robo tatu za maili tu kutoka njia za basi la kawaida, na kwa saa zilezile basi linapotembea. Ghala lililo nje ya mji lenye zamu ya saa kumi na moja alfajiri liko nje ya yote mawili. Huagizwa siku moja kabla, nauli haizidi mara mbili ya basi la kawaida, na uamuzi wa ombi ukipita siku 21 mwombaji huruhusiwa kupanda hadi wamjibu. Peleka ombi hilo wiki ileile kazi inapoanza kutafutwa.

## Ukitaka kubadilisha

Shirika la huduma linaweza kubadilishwa bila kubadilisha VR. Andika barua pepe kwa mshauri, taja tarehe na jambo lililokosekana (wiki tatu bila kukutana na mwajiri yeyote, kwa mfano), na omba orodha ya mashirika mengine. Mshauri akikataa, kila jimbo lina ofisi ya CAP inayowatetea wateja wa VR bila malipo, na jina lake lazima liwe kwenye barua za uamuzi mlizopewa. Mnaweza kuomba usuluhishi au kusikilizwa rasmi, na shauri linatakiwa kusikilizwa ndani ya siku 60. Wakati mnasubiri, VR hairuhusiwi kusimamisha huduma ambazo kijana alikuwa tayari anapata chini ya IPE, isipokuwa nyinyi wenyewe muombe zisimame au kuwe na ushahidi wa udanganyifu.